Kitendawili! Tega! Mchezo Wenye Saa

Ni nani asiyeujua mchezo wa vitendawili? Jioni, upepo wa Ziwa Tanganyika ukivuma, mtegaji husema: “Kitendawili!” Wenzake huitikia: “Tega!” Aliyeshindwa hutakiwa kutoa mji, naye atampa Fizi, au Baraka, au Uvira yenyewe.

Wanafunzi wetu hapa Uvira waliuandika mchezo huo katika kompyuta kwa Python, lugha iliyotolewa na Mholanzi Guido van Rossum mwaka 1991. Ila palikuwa na kasoro. Amri ya input, inayopokea jibu, ni bawabu mwaminifu mno: humngoja mgeni hata kukicha. Wazee wetu hawakungoja hivyo. Ngojangoja huumiza matumbo.

Dawa yake si ngumu. Tazama saa kabla ya kuuliza, uitazame tena jibu likiisha kuja, kisha utoe:

import time
kikomo = 5
mwanzo = time.monotonic()
jibu = input("Jibu lako: ")
muda = time.monotonic() - mwanzo
if muda > kikomo:
    print("Umechelewa. Nipe mji!")
elif jibu == "nanasi":
    print("Umepata!")
else:
    print("Sivyo. Nipe mji!")

Twatumia monotonic kwa kuwa saa hiyo hairudi nyuma kamwe, hata mtu akirekebisha saa ya kompyuta katikati ya mchezo. Anayetaka kompyuta itangaze papo hapo kwamba muda umekwisha, na aajiri mtumishi wa pili, threading.Timer, ahesabu huku wa kwanza akingoja. Lakini mtumishi huyo hutangaza tu; input haondoki mlangoni mpaka kitufe cha Enter kibonyezwe. Kwa hiyo kipimo chetu kisiachwe.

Sasa sikilizeni yaliyotupata. Mvulana mmoja, ambaye hakuwahi kugusa kibodi kabla ya juma lile, alitegewa: “Kuku wangu ametagia miibani.” Alijua, midomo yake ilisema “nanasi” mara moja. Lakini kidole kilikuwa bado kinaitafuta herufi N, na sekunde 5 zikapita. Wenzake wakacheka, naye akarudi kitini kimya.

Twakiri kwamba kosa lilikuwa letu. Tulidhani twapima akili, kumbe twapima vidole. Kesho yake tuliongeza hatua: kila mchezaji kwanza hunakili neno moja, kompyuta hupima sekunde alizotumia, kisha huziongeza juu ya zile 5. Mvulana yule akajibu kabla ya muda kwisha, na mmoja wa waliomcheka akatoa mji wa Baraka.

Wazazi na walimu, tunapowawekea watoto muda, tujiulize ni kitu gani tunachokipima. Mwenye shamba la mizabibu katika Injili aliwapa dinari ile ile hata walioingia kazini saa ya kumi na moja.