Kuku wa Kuchi: Usiuze Mbegu Yako

Katika pwani ya Kenya, Unguja na Tanzania bara wako kuku wa asili waitwao kuchi. Hutambulikana kwa kimo chao, shingo na miguu mirefu, kilemba kidogo na manyoya haba. Jogoo mpevu huweza kufikia kilo 3, na kwa wingi wa nyama humshinda kuku wa kawaida wa kijijini.

Lakini kuchi halisi ni adimu, nazo sababu ni mbili. Kwanza, tetea wake hutaga mayai machache. Pili, wafugaji huuza jogoo aliye mkubwa kuliko wote, kwa kuwa ndiye aletaye fedha nyingi. Abakiye kupanda matetea ni yule mdogo. Hivyo mbegu hudhoofika kizazi kwa kizazi.

Basi, atakaye kuanza na aende nyumbani kwa mfugaji, si sokoni, apate kuwaona wazazi wa kuku amnunuaye. Achukue jogoo mmoja na matetea wasio ndugu zake, awatenge na kuku wengine kwa ua. Majogoo wawili wasiwekwe pamoja, maana kuchi ni wapiganaji wakali. Mayai ya kuatamiwa yasikae zaidi ya siku 7. Vifaranga huanguliwa baada ya siku 21. Chanjo ya kideri irudiwe kila miezi 3, kwani ugonjwa huo huweza kumaliza banda zima kwa siku chache.

Jogoo bora na abaki; nduguze wauzwe. Akiba haiozi.