Kumbe Watu Hulipa Ili Waogope!



Mwezi uliopita bibi mmoja, jirani yetu, alikuja shuleni saa ya mapumziko akiwa ameshika simu. Nilimpa kiti, akakataa kuketi. Mwanae, ambaye alihamishiwa Marekani mwaka 2018 pamoja na mke na mtoto mchanga, alikuwa amemtumia video. Humo kuna treni ndogo isiyo na paa. Inapanda mlima wa vyuma polepole, inafika juu, halafu inaanguka. Watu wanapiga kelele. Hapo video inakatika.

"Mwalimu, hawa wanalia ama wanacheka?" aliniuliza.

Bibi huyu alivuka Ziwa Tanganyika usiku, mwaka 1996. Kelele za watu wengi anazijua kwa namna nyingine. Alikuwa hajalala siku mbili, na bando la kumpigia mwanae lilikuwa limekwisha. Basi jioni tulinunua bando, tukapiga.

Kumbe walikuwa wametembea! Waliondoka alfajiri na marafiki wa kanisani kwao, wakaenda Cedar Point, kwenye mji wa Sandusky, jimbo la Ohio. Ni bustani kubwa ya michezo, ilianza mwaka 1870. Iko kwenye rasi inayoingia Ziwa Erie, kwa hiyo ukiwa juu unaona maji mpaka mwisho wa macho, kama Kigoma. Treni hizo huitwa rolakosta. Ile ya kwenye video ni Magnum XL-200, ya mwaka 1989. Mlima wake wa kwanza una mita 62, na ikishuka inafika kilomita 116 kwa saa. Ipo na nyingine, Millennium Force, ya mwaka 2000: mita 94, kilomita 150 kwa saa! Walipanga foleni saa nzima kwa safari ya dakika mbili. Chakula cha pale ni ghali, wakarudi kula chao kwenye gari.

"Mama, nilipiga kelele kuliko wote," kijana alisema. "Tuliposhuka nikacheka mpaka machozi."

"Kwa hiyo mlitoa pesa ili muogope?"

"Ndiyo, mama. Lakini hii unapanda ukijua utashuka."

Bibi alinyamaza kidogo, halafu akacheka. Ndiyo mara ya kwanza siku ile.

Kesho yake niliwafundisha wanafunzi jambo hilo, na ninyi wazazi pia mlijue. Treni ile haina injini. Mnyororo unaozungushwa na mota huivuta mpaka juu ya mlima wa kwanza. Ile sauti ya ka-ka-ka ni vyuma vinavyozuia isirudi nyuma. Ikishaachiwa, inakwenda kwa uzito wake yenyewe. Mnawaona wale wanaosukuma baiskeli yenye mzigo wa ndizi kupanda mlima? Wanatoka jasho, lakini wakianza kushuka hawapigi pedeli. Ile nguvu waliyoitoa kupanda inawarudia. Upepo na msuguano hula sehemu ya nguvu hiyo, ndiyo maana vilima vinavyofuata huwa vifupi kuliko cha kwanza.

Na kwa nini haitoki kwenye reli? Ina magurudumu juu ya reli, pembeni ya reli, na mengine chini ya reli. Imeshika reli kama mkono ulioshika mpini wa jembe. Abiria nao hubanwa mapajani na chuma.

Tulijaribu kwa bomba la plastiki lililopasuliwa na gololi. Kilima cha pili tulipokifanya sawa na cha kwanza, gololi ilishindwa ikarudi. Tulipokipunguza, ikapita. Watoto walishangilia mpaka darasa la jirani likaja kuchungulia.

Lakini bibi alikuwa na swali lingine kwenye simu. "Na mjukuu wangu, naye mlimpandisha?"

Hapana. Kwenye mlango wa ile treni kuna kipimo. Asiyefika sentimita 122 hapandi, hata alie namna gani. Mtoto alipungukiwa upana wa kidole kimoja, akalia sana. Wakampeleka kwenye treni za wadogo.

Baada ya somo bibi alikuja tena. "Mwalimu, hiyo 122 iko wapi?" Nilichukua rula, nikapima ukutani kutoka sakafuni, nikachora mstari kwa chaki, na mwingine chini yake kwa upana wa kidole. Bibi aliweka kiganja pale kwenye mstari wa chini, kama unavyomshika mtoto kichwani.

"Aliondoka akiwa mgongoni kwangu," alisema. "Sasa ananifika kifuani."

Mstari bado upo. Watoto hujipima hapo kila asubuhi.

Wazazi, nina maombi mawili. Ukipata picha au habari kutoka mbali ikakutisha, usikae nayo peke yako usiku. Njoo shuleni tuulize pamoja. Na ukizungumza na ndugu zako walio mbali, waulize urefu wa watoto. Chaki ipo na ukuta upo.



Mwalimu wenu wa kujitolea