Usasaleo: Istilahi na Mipaka Yake

Katika makala hii tunakusudia kueleza istilahi ya usasaleo, pamoja na istilahi tatu zinazoandamana nayo katika uhakiki wa fasihi na wa utamaduni wa umma. Baadhi ya mifano yetu tumeitoa katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, kwa kuwa huko mfasiri au mwalimu akikosea maana ya istilahi hizi, kosa lake haliishii darasani. Sababu yake itaonekana hapo mbele.

Usasa ni jina la mkondo wa sanaa ulioshamiri Ulaya na Marekani tangu mwisho wa karne ya 19 hadi katikati ya karne ya 20. Usasaleo ni mkondo uliofuata, ambao uliuhoji usasa na imani zake. Wako wanaopendelea kusema baada-usasa. Kila neno lina dosari yake. Usasaleo huweza kumfanya mwanafunzi adhani kuwa yanazungumzwa mambo ya leo tu, kama vile mavazi na simu za mkononi. Baada-usasa nalo humfanya adhani kuwa usasa ulikoma siku fulani, kisha jambo jingine likaanza. Sisi tunatumia usasaleo kwa sababu ni neno moja, linapokea viambishi bila taabu, na limekwisha kuzoeleka katika vitabu vya uhakiki. Hata hivyo jina peke yake halitoshi. Fasili ndiyo inayobeba mzigo.

1. Masimulizi makuu. Istilahi hii inatokana na kitabu cha mwanafalsafa wa Ufaransa, Jean-François Lyotard, kilichochapishwa mwaka 1979. Kwa asili kilikuwa ripoti kuhusu hali ya maarifa, iliyoandikwa kwa ajili ya Baraza la Vyuo Vikuu la serikali ya jimbo la Quebec, Kanada. Masimulizi makuu ni yale yanayodai kueleza safari nzima ya binadamu au ya taifa, na kuhalalisha mambo yote mengine: maendeleo ya sayansi, ukombozi wa wanyonge, na kadhalika. Kwa Lyotard, usasaleo ni hali ya kutoyasadiki tena kwa urahisi. Hapa Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitupatia masimulizi ya namna hiyo. Euphrase Kezilahabi alihoji utekelezaji wa vijiji vya Ujamaa katika Gamba la Nyoka (1979). Baadaye, katika Nagona (1990) na Mzingile (1991), aliuacha hata mpangilio wa kawaida wa hadithi, msomaji akawa kama mtu aliyeingia katika njia za kupoteana. Wahakiki wengi huvitaja vitabu hivi viwili kuwa vielelezo vya usasaleo katika riwaya ya Kiswahili.

2. Mwingilianomatini. Ni hali ya matini moja kujengwa kwa matini nyingine, kwa kuzidokeza, kuzijibu au kuzigeuza. Julia Kristeva, mzaliwa wa Bulgaria aliyeandika kwa Kifaransa, ndiye aliyeasisi istilahi hii mwishoni mwa miaka ya 1960. Mfano mzuri hautoki vitabuni, bali katika vibanda vya video. Filamu ya kigeni huonyeshwa huku msimulizi mmoja akitafsiri mazungumzo ya wahusika wote, akiongeza maelezo, akitia mzaha, na pengine akitaja mitaa ya kwetu. Dar es Salaam kazi hiyo ilimpatia sifa Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu. Na Matthias Krings, mwanaanthropolojia wa Ujerumani, aliichambua katika kitabu chake cha mwaka 2015. Kijana wa Biharamulo aliyewahi kutazama filamu kwa namna hiyo anaifahamu dhana hii. Linalomkosa ni jina lake tu. Mwalimu na aanzie hapo.

3. Udenguzi. Ni njia ya usomaji inayohusishwa na Jacques Derrida tangu mwaka 1967. Mdenguzi huisoma matini kwa makini mno, akionyesha mahali ambapo maneno yake yenyewe yanapingana na dai lake. Basi tusiifasiri dhana hii kwa neno ubomoaji. Anayebomoa huiondoa nyumba. Mdenguzi huiacha ikiwa imesimama, akatuonyesha nyufa zake.

Sasa tufike kwenye mipaka. Si mara moja tumesoma tafsiri zinazosema kuwa, kwa mujibu wa usasaleo, "hakuna ukweli". Hilo ni kosa la tafsiri kabla halijawa kosa la falsafa. Kutosadiki masimulizi makuu ni kudai ushahidi zaidi. Si kuyakana yaliyotukia.

Tofauti hiyo ina uzito wa pekee Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikajaa. Mwaka 1995 Shirika la Majesuti la Kuhudumia Wakimbizi lilianzisha Radio Kwizera wilayani humo. Kwizera maana yake ni kutumaini. Watu waliovuka walikuja na masimulizi mengi yasiyolingana, na mhakiki ana haki ya kuyalinganisha, kuuliza nani anasema, kwa niaba ya nani, na nani amenyamazishwa. Lakini mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi si simulizi moja miongoni mwa masimulizi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokaa Arusha, ilimtia hatiani Jean-Paul Akayesu mwaka 1998 baada ya kusikiliza mashahidi na kupima ushahidi. Mwalimu atakayewaambia wanafunzi wake kuwa usasaleo umefuta ukweli atakuwa amewapa wakanushaji silaha ambayo Lyotard hakuifua.

Kwa hiyo tunapendekeza matumizi haya: kutilia shaka litumike kwa masimulizi, kukana litumike kwa matukio, na vitenzi hivi viwili visibadilishane nafasi katika tafsiri yoyote.

Wasomaji wetu watakumbuka kuwa istilahi ngeli, tunayoitumia kila siku katika sarufi, ilitoka katika Kihaya, lugha ya mkoa huohuo wa Kagera. Kihangaza na Kishubi, jamaa wa karibu wa Kirundi na Kinyarwanda, bado hazijaombwa mchango wa kutosha. Tunawasihi walimu na watumishi wa Ngara na Biharamulo watuletee maneno ambayo wazee wao huyatumia kumtofautisha mtu anayeihoji hadithi na mtu anayeikana maiti.