Mfupa Unaozama Chini ya Kidole Gumba

Anapokishika kifundo cha mguu wa mtoto wa wiki tatu, mtaalamu huyu wa fiziotherapia hautazami mguu. Anamtazama mtoto usoni. Mguu ameuachia kidole gumba, ambacho kimetulia upande wa nje, mbele kidogo ya kifundo, kikitafuta kinundu kigumu kisichozidi punje ya harage. Kikishakipata, kinakizuia pale pale, bila nguvu, kisisogee. Hapo ndipo mkono wa pili unapoanza kuusukuma unyayo uliojikunja ndani ili uelekee nje, kidogo kidogo, mpaka mtoto akunje uso. Mkono unasimama, unasubiri, unalegeza, unaanza tena.

Mtoto ananyonya wakati wote huo. Mama ameinamia meza, ziwa mdomoni mwa mwanawe, wala hasemi kitu. "Akiacha kunyonya ujue nimemuumiza," anasema mtaalamu. "Na nikimuumiza, nimekosea. Hii si kazi ya nguvu."

Nilifika katika hospitali ya rufaa ya mkoa anakofanya kazi kwa habari nyingine kabisa, ya vijana wanaovunjika miguu kwa ajali za bodaboda. Kwenye korido ya kuelekea wodi ya mifupa kulikuwa na benchi limejaa akina mama, kila mmoja amepakata kichanga aliyefungwa hogo la plasta kuanzia vidoleni hadi juu ya paja, goti limekunjwa. Nikauliza ni ajali gani iliyowapata watoto wote hawa. Nikaambiwa si ajali. Ni miguu kifundo, na leo ndiyo siku ya kliniki yao.

Mguu kifundo wengi wetu tumeuona: unyayo umepinda kwenda ndani na chini, kisigino kimepanda juu. Mtoto mmoja hivi katika kila watoto 1,000 huzaliwa nao, wavulana wakiwa kama mara mbili ya wasichana, na karibu nusu yao huwa nao miguu yote miwili. Anayekua nao bila tiba hukanyagia ubavu wa mguu, pengine hata mgongo wa mguu, na ngozi ya hapo huota sugu nene. Hayo ni ya kawaida kusikika. Lililonikalia kichwani tangu siku ile ni kile kinundu ambacho kidole gumba kilikuwa kinakitafuta.

Ni kichwa cha mfupa uitwao talasi. Mguu wetu, kuanzia kifundoni hadi vidoleni, una mifupa 26 na viungo zaidi ya 30. Karibu kila mfupa kati ya hiyo una msuli au kano inayouvuta upande fulani. Talasi haina hata moja. Juu yake umekaa mfupa wa muundi, chini yake mfupa wa kisigino, mbele yake mfupa mdogo unaobeba upinde wa unyayo. Yenyewe imebanwa katikati, imefunikwa gegedu sehemu kubwa ya uso wake, na uzito wote wa mwili unapita juu yake kila tunapopiga hatua. Mifupa mingine ndiyo inayoizunguka. Katika mguu kifundo, mifupa hiyo mingine imezunguka na kukwama upande wa ndani, na ligamenti zimekaza. Mfupa mdogo wa mbele umeteleza ukakiacha wazi kichwa cha talasi, nacho kikajitokeza nje chini ya ngozi. Ndicho kile kinundu.

"Talasi siigusi kwa kuisukuma," ananieleza huku akiviringisha pamba kwenye mguu ule. "Naizuia tu. Nikiizuia yenyewe, mingine yote itafuata njia yake, maana imeumbwa kuizunguka."

Nikamuuliza anajuaje mfupa uko wapi bila picha ya eksirei. Akacheka kwa upole. Mifupa ya kichanga kwa sehemu kubwa bado ni gegedu, na gegedu haionekani kwenye eksirei. Ule mfupa mdogo wa mbele, ambao ndio mhusika mkuu wa mkasa wote huu, kwa kawaida hauanzi kuonekana kwenye picha mpaka mwaka wa pili au wa tatu wa mtoto. "Eksirei itanipa vivuli viwili vinavyoelea, vimeachana," anasema. "Ningetegemea picha, ningesubiri mpaka mtoto anakimbia. Kidole kinaona leo."

Kwa ruhusa ya mama, akakichukua kidole gumba changu na kukiweka juu ya mguu wa mtoto mwingine, aliyekuwa amekuja kwa mara ya kwanza. Kinundu kilikuwa wazi kabisa, kigumu, kimesimama. Kisha akanipeleka kwa mtoto wa meza ya pili, aliyekwisha kufungwa mahogo manne. Mahali pale pale. Nikabonyeza, nikatafuta, nikazungusha kidole. Palikuwa laini.

"Kimezama," akasema. "Ule mfupa mdogo umerudi mahali pake, umekifunika. Kikizama hivi, mimi nafurahi mpaka jioni."

Namna hii ya kuupima mguu kwa mikono ina utaratibu wake, uliopangwa na Shafique Pirani, daktari wa mifupa wa Kanada aliyeshiriki pia kuanzisha mpango wa kitaifa wa Uganda wa kutibu miguu kifundo. Zinakaguliwa dalili sita, tatu za nyuma ya mguu na tatu za katikati, kila moja ikipewa sifuri, nusu au moja. Mojawapo ni kisigino kitupu: unabonyeza kisigino cha mtoto na kukuta nyama tupu, kwa sababu mfupa wake umevutwa juu. Nyingine ni hicho kichwa cha talasi kinachozama. Mguu uliopinda kabisa huanza na 6. Kadi za akina mama wale zilikuwa na safu za namba zinazoshuka wiki hadi wiki, na nikaona kila mmoja anajua kuisoma kadi ya mwanawe.

Tiba yenyewe ni kazi ya Ignacio Ponseti, mtoto wa fundi saa wa kisiwa cha Menorca, aliyezaliwa mwaka 1914. Alihitimu udaktari Barcelona mwaka 1936, vita vya Hispania vikiwa vinaanza, akawahudumia majeruhi upande wa jamhuri, akakimbilia Ufaransa, kisha Meksiko, na mwaka 1941 akafika Iowa, Marekani. Huko aliwachunguza watu wazima waliofanyiwa upasuaji wa miguu kifundo utotoni, akakuta miguu iliyokakamaa na yenye maumivu. Akaacha kisu, akarudi kwenye anatomia. Alichapisha matokeo yake mwaka 1963, na kwa miongo kadhaa madaktari wengi hawakuyajali. Mwaka 1995 ukachapishwa uchunguzi wa watu wazima waliotibiwa kwa njia yake wakiwa wachanga: 78 kwa mia walikuwa na miguu mizuri au mizuri sana, wakati kwa watu waliozaliwa na miguu ya kawaida ilikuwa 85 kwa mia. Ndipo dunia ikaanza kumsikiliza, naye alikuwa amepita umri wa miaka 80. Alifariki mwaka 2009.

Njia za hogo zilikuwapo kabla yake, lakini zilichukua hata miaka miwili na mara nyingi hazikufika mwisho. Tofauti iko kwenye sentimita chache za ngozi: mahali pa kuweka kidole gumba. Zamani kiliwekwa upande wa nje wa mguu, kwenye kiungo kinachounganisha kisigino na mfupa ulio mbele yake. Kisigino kikizuiwa hakiwezi kuzunguka, na kisipozunguka mguu wote umefungwa. "Ndiyo maana nawakemea wanafunzi," anasema mtaalamu wangu. "Nikiona mtu amekishika kisigino, namwambia, mwanangu, kiache. Kisigino kitakuja chenyewe."

Hogo hubadilishwa kila wiki, na kwa kichanga yanatosha matano au sita. La kwanza ndilo linalowatisha akina mama, kwa sababu linauinua upande wa kidole kikubwa na kuufanya mguu uonekane umepinda kuliko ulivyokuja. Sehemu ya mbele inalinganishwa kwanza na ya nyuma, ndipo zote zizungushwe pamoja. Wapo waliolivua hogo hilo nyumbani kwa maji ya uvuguvugu wakidhani mtoto ameharibiwa. Mtaalamu hawalaumu. Siku hizi humwita mama ambaye mwanawe ameshafika hogo la nne, amwonyeshe mgeni kadi yake. "Mama akiambiwa na mama mwenzake anaelewa. Mimi na koti langu jeupe namtia hofu tu."

Mwishoni hubaki kisigino, ambacho kwa watoto walio wengi hakishuki mpaka kano yake ikatwe. Hutiwa dawa ya ganzi, hukatwa kwa kisu chembamba kupitia tundu dogo la ngozi, na hogo la mwisho hukaa wiki tatu. Katika muda huo kano hujiunga yenyewe, ikiwa ndefu zaidi. Nilidhani hapo ndipo mwisho. Mtaalamu akatikisa kichwa.

"Mpaka hapo nilikuwa nafanya mimi. Sasa anaanza kufanya mama."

Kinachofuata ni viatu viwili vilivyoungwa kwa upau wa chuma, vidole vimeelekezwa nje. Vya aina inayotumika sana kwetu vilibuniwa Uganda na Michiel Steenbeek, Mholanzi, ili vitengenezwe kwa ngozi na chuma kinachopatikana mjini. Nyuma ya kila kiatu kuna tundu. Mama huchungulia hapo, na akikiona kisigino kimekaa chini anajua mguu umeingia sawasawa. Mtoto huvivaa saa 23 kwa siku miezi mitatu ya mwanzo, halafu usiku na akilala mchana, mpaka afikishe miaka minne hivi. Vikiachwa mapema, mguu ulionyooka hurudi ndani.

Na huachwa. Mtoto analia usiku wa kwanza, wa pili, na chumba ni kimoja, na baba anaamka alfajiri kwenda kazini. Bibi anatazama mguu ulionyooka, anauliza mjukuu amepona, mnamtesea nini? Jirani ana maneno yake kuhusu mimba na laana, na mama anaona bora avifiche viatu kuliko kujibu. Nilizungumza na mama mmoja aliyerudi baada ya kuviacha. Alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya khanga, na mtaalamu, badala ya kumuuliza kwa nini, alimwambia, "Pole, mama. Umerudi, na hilo ndilo la maana." Kisha kidole gumba chake kikaanza upya kutafuta kinundu.

Kuna maswali niliyotoka nayo ambayo hayana majibu kliniki pale. Kwa watoto wengi chanzo hakijulikani, na mama anayeuliza alikosa nini wakati wa ujauzito hujibiwa kwa ukweli kwamba hakukosa kitu, lakini jibu hilo halimpi kitu cha kuwaambia wakwe. Plasta na pamba ni bei ndogo ukilinganisha na upasuaji. Nauli ya kila wiki, ya watu wanaotoka vijiji vya mbali, iko kwenye bajeti ya nani? Mtumishi mmoja mwenye kidole kama hiki akipata barua ya uhamisho, benchi hili linakwenda wapi? Na yule mtu wa miaka arobaini anayetembea kwa mgongo wa miguu sokoni, ambaye kliniki kama hii haikuwapo alipozaliwa, nani atamwomba msamaha?

Nilipomuuliza mtaalamu angependa niandike nini, hakutaja mshahara wala vifaa. Alizungumzia chumba cha kujifungulia. Anaomba kila mkunga, akishamfuta mtoto na kabla ya kumfunga khanga, auinue unyayo juu kwa kidole kimoja. Mguu uliokunjwa tu na nafasi ya tumboni utakubali na kunyooka. Unaogoma uandikiwe rufaa siku hiyo hiyo, na mama aambiwe waziwazi kwamba unatibika.

"Wiki ya pili mguu unanisikiliza," alisema. "Mwaka wa pili tunabishana. Bado nitaunyoosha, lakini kwa mahogo mengi zaidi, na yule mama atalipa nauli nyingi zaidi ambazo hakupaswa kuzilipa."