Besi ya Singeli Inavujia Sikioni

Msomaji wa Mbagala ameuliza swali ambalo nimelipenda sana. Ana spika za masikioni za Sh 5,000. Akisikiliza singeli, sauti ya mwimbaji na kinanda vinasikika safi, ila ngoma ya chini haipo kabisa. Je, ajikusanye anunue za Sh 50,000? Namwambia asubiri kidogo. Kwanza abadilishe vile vipira laini vinavyoingia sikioni.

Habari za sumaku na koili za ndani ya spika zimo kwenye vitabu vya fizikia vya sekondari, sitakawia huko. Kinachonivutia ni hewa.

Singeli ni mtihani mgumu kwa spika yoyote. Muziki huu uliokulia Tandale, Manzese, Mburahati na mitaa ya namna hiyo hukimbia midundo 200 hadi 300 kwa dakika. Anayetaka kupima chombo chake atafute Sounds of Sisso, mkusanyo uliotoka katika studio ya Sisso ya Mburahati na kutolewa mwaka 2017 na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Kwenye sherehe ya mtaani ya kigodoro, besi ya nyimbo kama hizo hutolewa na spika za inchi 15 au 18, na si kwa mbwembwe. Hewa ya uwanjani ukiisukuma inakwepa pembeni, na mtetemo wa taratibu unaipa muda mwingi wa kukwepa. Ndiyo maana sauti ikishuka hadi nusu ya mitetemo yake, spika lazima isogee umbali mara 4 ili isikike kwa nguvu ileile.

Sasa inakuwaje kiduara cha milimita 10 kitoe besi hiyohiyo sikioni? Kiduara hicho mafundi wengi nacho hukiita spika, tukachanganya sehemu na kifaa kizima. Mimi nakiita kiwambo, kwa kuwa ni utando uliowambwa, kama ngozi ya ngoma.

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole gumba, kisha sukuma mpini. Hujafika mbali, tayari kidole kinasukumwa, maana hewa imekosa pa kwenda na kila msogeo wa mpini unageuka kuwa mgandamizo. Legeza kidole uache upenyo mdogo, usukume taratibu: mpini unafika mwisho na kidole hakijahisi kitu, hewa yote imejipenyeza nje. Rudia kwa upenyo uleule, lakini safari hii sukuma kwa ghafla. Kidole kinapigwa! Hewa haikupata muda wa kutoroka.

Besi ndiyo ule msukumo wa taratibu. Ngoma inayotetemeka mara 50 kwa sekunde husukuma kwa muda wa sekunde 1/100 kabla ya kugeuka kuvuta, na muda huo unatosha kwa hewa kupita penye mwanya. Mlio mwembamba wa mitetemo 5,000 husukuma kwa sekunde 1/10,000 tu, kwa hiyo mwanya hauudhuru. Kwa hiyo kipira kisichokaa vizuri huiba besi peke yake na kuacha kinanda kikilia, sawasawa na malalamiko ya msomaji wetu.

Kipira kikiziba barabara, hewa iliyobaki sikioni ni kama sentimita moja au mbili za ujazo. Ili kuipa mgandamizo wa desibeli 94, ambayo ni sauti kali, kiwambo cha milimita 10 kinahitaji kusogea takribani milimita 0.0002. Ni msogeo usioonekana kwa jicho, na kiwambo cha bei ndogo kinauweza bila taabu.

Kwa hiyo ukifika Kariakoo au Tandika, usihangaike na maandishi ya "Extra Bass" kwenye boksi. Angalia kama ndani mna vipira vya saizi tatu. Zile za plastiki ngumu zinazoning'inia mlangoni mwa sikio bila kuziba, ziache. Ukishavaa, piga wimbo na ubonyeze spika taratibu kwa kidole: besi ikiruka juu ghafla, kiwambo ni kizima na kipira ndicho kidogo. Jaribu kikubwa zaidi. Masikio ya mtu mmoja hutofautiana, hivyo kulia unaweza kuvaa saizi ya kati na kushoto kubwa.

Sauti iwe ya wastani, na barabarani zivue usikie bodaboda.

Wakati wa kuvaa, pitisha mkono wa upande wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na kwa nyuma, ingiza kipira, kisha achia. Njia ya sikio ina kona; ukivuta hivyo inanyooka na kipira kinaingia hadi kinapoziba.