Kondoo Jike Yupi Aondoke, na Lini?

Kila mwaka, siku chache kabla ya mvua za vuli, wakulima wa skimu hutuletea ofisini swali lile lile: "Bwana, kondoo wamekuwa wengi na majani hayatoshi. Nifanye nini?" Ukimwuliza mwenye kondoo ameuza nani tangu mwaka kuanza, atakuambia ameuza madume yote aliyoyahasi, akabakiza dume mmoja wa mbegu. Na majike je? "Majike siuzi. Jike ndiye mali."

Hayo ni kweli, jike ndiye mali. Lakini jike ndiye pia anayeongeza idadi. Dume mmoja mwenye afya aweza kupanda majike 40 bila taabu, kwa hiyo hata ukiuza madume tisa katika kila kumi, wana-kondoo wa mwaka ujao watazaliwa wengi vile vile. Anayeuza madume tu amepata fedha, naye amefanya vyema, lakini hajalisaidia shamba lake hata kidogo.

Tupige hesabu kidogo. Mkulima ana majike 20. Kila mmoja akizaa mtoto mmoja, na watatu wakifa, wanabaki 17, na kati yao majike ni kama 8. Akiwaweka wote ana majike 28. Hao wote wakiisha kuzaa kwa kiasi kile kile, ataongeza majike 12 wengine, awe na 40. Waya wa shamba lake haukusogea hata hatua moja. Ekari ni zile zile, na mkopo ni ule ule.

Si kondoo tu walio hivyo. Huko Scotland, nchi ya milima na baridi, kuna mnyama wa mwitu mwenye pembe za matawi, yule ambaye wasomaji wa Biblia ya Kiswahili humjua kwa jina la ayala. Katika kisiwa cha Rum wataalamu wamewahesabu wanyama hao kwa miaka mingi. Mwaka 1972 waliacha kuwapiga risasi ayala wa upande wa kaskazini wa kisiwa, ili waone kitakachotokea. Kwa muda wa miaka kama 10 majike walikaribia kuwa mara tatu. Kisha majani yakaanza kuwashinda: ndama wengi zaidi walikufa wakati wa baridi, na majike wengi zaidi walipitisha mwaka bila mimba. Hakuna aliyewachagua; njaa ndiyo iliyochagua, nayo haikuuza nyama wala ngozi.

Sisi Kenya hatuwindi, maana uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Lakini desturi moja ya wawindaji wa Scotland yafaa tuitazame. Mwindaji hutafuta kwanza jike asiyefuatwa na ndama, kwa kuwa huyo amekula majani ya mwaka mzima bila kuzaa. Akilazimika kumpiga jike mwenye ndama, humpiga na ndama pia, asije akabaki yatima afe kwa baridi. Tena huyo mwindaji hufanya shauri lake akiwa mbali, kwa darubini. Mkulima ana bahati kubwa kuliko yeye: aweza kumshika kondoo wake, akamfungua kinywa, akapapasa kiwele, ndipo aamue.

Basi, lini? Wakati unaofaa ni baada ya watoto kuachishwa ziwa, na kabla dume hajaingizwa kwa majike. Kondoo hubeba mimba siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Kwetu upande wa Kinangop twataka watoto wazaliwe katikati ya mwezi wa Aprili, mvua za masika zikiwa zimeotesha majani, ili mama awe na maziwa. Hivyo dume aingie katikati ya Novemba. Watoto wa Aprili huachishwa ziwa mwezi wa Agosti wakiwa na miezi minne. Kwa hiyo mwezi wa Septemba ndio wa kuchagua. Mahali ambapo mvua huja kwa miezi mingine, mkulima ataje mwezi anaotaka watoto wazaliwe, kisha ahesabu miezi mitano kurudi nyuma.

Ukichagua Septemba wapata faida mbili. Kwanza, una hakika kwamba unayemwondoa hana mimba. Mzee mmoja wa skimu yetu huacha dume achanganyike na majike mwaka mzima. Alichinja jike kwa ajili ya wageni, na alipompasua alikuta wana wawili tumboni, wamekwisha kuota manyoya. Wageni walikula, lakini mzee mwenyewe hakuonja. Pili, majani ambayo wale walioondoka wangeyala yanawabakia wengine wakati ule ule unaohitajika. Jike anayenenepa katika majuma matatu kabla ya kupandwa huelekea kuzaa pacha kuliko yule anayekonda.

Sasa, yupi? Washike mmoja mmoja kwenye kijizizi, usiwatazame kwa mbali. Anza na meno. Kondoo ana meno ya mbele upande wa chini tu. Akiwa na umri wa mwaka mmoja na zaidi kidogo huota mawili makubwa, kisha kila mwaka mawili mengine, mpaka yawe manane akifikia miaka minne hivi. Baada ya hapo huanza kurefuka, kuachana na kuvunjika. Jike mwenye mapengo hawezi kukata majani mafupi ya Januari na Februari, na miezi hiyo ndiyo atakayokuwa na mimba. Huyo aondoke hata kama alikuwa mzazi mwema.

Halafu kiwele. Kipapase chote kwa mkono. Ukikuta uvimbe mgumu, au chuchu iliyokufa, usingoje mwaka mwingine, maana mtoto wake atalia njaa. Aondoke pia yule ambaye kizazi kilitoka nje alipozaa, na yule ambaye kwato zake huoza kila mvua ingawa umezitibu.

Ugumu mkubwa ni kwa jike asiyezaa, kwa sababu ndiye mzuri kuliko wote! Hakunyonyesha, kwa hiyo amenenepa na manyoya yake yang'aa. Mama wa pacha amesimama kando yake, mifupa nje. Nimeona wakulima wakimuuza huyo aliyekonda na kumweka yule mnene. Hapo wamemwadhibu mfanyakazi na kumpa mvivu zawadi. Mama wa pacha mwenye meno mazima atanenepa tena akipumzika. Mnene asiye na mtoto apelekwe sokoni upesi, maana bei yake haitapanda kupita hapo. Jike kijana aliyekosa mimba mara ya kwanza twaweza kumsamehe mara moja tu. Na yule ambaye mtoto wake aliliwa na fisi au alikufa kwa baridi ya usiku, kosa si lake.

Haya yote hayawezekani bila daftari na alama za masikio. Mkulima asiyeandika atamkumbuka kondoo anayempenda na kuwasahau wengine. Hata mimi karani nilijikwaa hapo. Nilipomaliza chuo cha ualimu mama yangu alinipa jike mmoja, na karibu kondoo wangu wote ni wa ukoo wake. Meno yalipomwisha nilisema, tumwache mwaka mmoja, ni wa mama. Februari alianguka na hakusimama tena, akiwa na mimba ya miezi mitatu. Mama alipopata habari aliniuliza tu kwa nini sikumchinja Krismasi tukamla pamoja.

Kwa mwenye majike 20 anayetaka wabaki 20, hesabu ni nyepesi. Jike hufanya kazi shambani miaka kama mitano, kwa hiyo kila mwaka wanne watoke na wanne vijana waingie. Wale vijana 8 wa hesabu yetu ya kwanza, chagua wanne, hasa waliozaliwa pacha na mama mwenye maziwa, na wanne wengine wauzwe. Mwaka wa ukame ongeza wanaotoka, wala usingoje mpaka wote wakonde na wachuuzi waanze kutaja bei wapendavyo.

Wazee wasio na meno lakini wenye mwili waweza kutengwa wale majani ya vuli, kisha wauzwe kabla ya Krismasi nyama ikitafutwa. Wasipewe dume kabisa. Kama ulimpa mmoja wao dawa ya minyoo, soma kwenye chupa ni siku ngapi lazima zipite kabla ya kuchinjwa, uzihesabu. Cheti cha kusafirisha mifugo kichukuliwe kwa Bwana Mifugo kabla ya siku ya soko, wala si asubuhi ile ile kondoo wakiwa wamekwisha kufungwa kwenye gari.