STERINGI WA KIKE AKIFUNGWA KAMBA, NANI ANALIPA?

KWENYE vibanda vya video kuna sheria moja ambayo hata mtoto wa chekechea anaijua: steringi hafi. Atapigwa, atatupwa mtoni, atafungwa kwenye gogo la mti na kuwashiwa baruti, lakini dakika za mwisho lazima ainuke awatie adabu wabaya wake. Kiingilio chako ndicho kimenunua hiyo dakika.

Sasa sikia hii. Kuna watu duniani wanaotoa mkwanja wao kwa ajili ya dakika ya kabla ya hapo. Ile ambayo steringi, na lazima awe wa kike, tena mwenye joho, buti ndefu na nguvu za ajabu, amezidiwa. Nguvu zimemwishia, kamba zimemkaza, adui kasimama pembeni anacheka. Hapo ndipo roho zao hustarehe. Mkanda ukiendelea mpaka mrembo akashinda, poa. Usipoendelea, poa vilevile.

Usigune kwanza, msomaji. Hii ni biashara kamili, ina mafundi wake, wateja wake na ugomvi wake, na hivi sasa imefika njia panda.

Mtengenezaji huwa ni mtu mmoja au wawili, kamera moja, na chumba ambacho leo ni maabara ya daktari mwehu na kesho ni pango la majambazi. Mavazi yanashonwa yafanane na ya mashujaa maarufu wa vitabu vya katuni, ila yasifanane sana, maana wenye hakimiliki wana mawakili wenye meno. Jina nalo linapindwa kidogo. Mkanda unauzwa moja kwa moja kwa mashabiki kupitia intaneti; soko la Marekani liitwalo Clips4Sale limekuwa likiuza vipande vya aina hiyo tangu 2003. Wajapani nao wana kampuni kama Giga na Zen Pictures ambazo zimejijengea jina kwa mashujaa wa kike wanaobanwa kwenye kona.

Mingine ina ngono waziwazi, ni zile zile picha za X ambazo washikaji wanaziita pilau. Lakini mingine hakuna anayevua hata glavu. Anachonunua shabiki ni ile hali: mwenye nguvu kaishiwa nguvu.

Utamu wa biashara hii, kwa macho ya mwandishi wenu, uko kwenye oda. Shabiki anaandika kisa chake mwenyewe: joho liwe jekundu, adui awe na sumu ya kijani, mrembo apigane na kushindwa mara mbili kabla hajazimia. Analipa, muvi inapigwa. Ni kama kupeleka kitenge kwa fundi. Ukitaka mikono mipana unashonewa mipana. Ndiyo maana hawa jamaa ni wakali. Buti zikiwa fupi kuliko alizoagiza, utasikia kelele zake.

Kuna atakayesema huu ni wehu wa vijana wa kompyuta. Wapi! Wonder Woman alitokea kwenye vitabu vya katuni mwaka 1941. Aliyembuni, William Moulton Marston, alikuwa mtaalamu wa saikolojia, mmoja wa waliochangia kuleta mashine ya kupimia uongo. Bwana huyu alimpa shujaa wake kamba ya ajabu na bangili za kuzuia risasi, kisha akaweka sharti: mwanamume akizifunga minyororo bangili hizo, nguvu zote kwisha. Basi katika visa vya miaka ile mtu hafungui kurasa chache bila kumkuta mrembo, au adui yake, amefungwa. Marston alifariki 1947 na kamba zikapungua, ila mbegu ilikwisha kupandwa. Hata Joe Shuster, mmoja wa mababa wawili wa Superman, alipoishiwa hela katika miaka ya 1950 alichora kwa siri vijitabu vya viboko na minyororo vilivyouzwa chini ya meza New York.

India ilikuwa imetangulia. Mwaka 1935 Fearless Nadia, mzaliwa wa Australia, alitikisa majumba ya sinema kwa filamu ya Hunterwali, amevaa kinyago usoni, mjeledi mkononi, akiwachapa wanaume kisawasawa. Pale aliyepigwa alikuwa adui, na watazamaji waliipokea kwa shangwe. Kwa hiyo tusidanganyane. Mwanamke mwenye mjeledi au kamba amekuwa akiuza tiketi kabla babu zetu hawajaoa.

Tuje nyumbani. Ukienda Dimani, kule wilayani Kibiti, ukauliza nani anatengeneza mikanda ya namna hii, utarudi na samaki tu. Na Dar nako usijaribu. Filamu inasimamiwa na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na kuchapisha picha za ngono mtandaoni ni kosa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Faini ni ya mamilioni na jela ni ya miaka. Lakini steringi wa kike tunamjua kitambo. Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, hivyo mkanda wa video ulifika kabla ya luninga. Waliokaa kwenye mabenchi miaka ile hawajasahau mateke ya Cynthia Rothrock na Michelle Yeoh, waliocheza pamoja katika Yes, Madam ya 1985. Huyo Yeoh ndiye aliyekuja kubeba Oscar mwaka 2023. Sisi tulimpa yetu zamani.

Baadaye wakaja wakalimani. Lufufu na DJ Mark hapa kwetu, DJ Afro kule Kenya, wakaichukua muvi ya Kichina au ya Marekani na kuisimulia kwa Kiswahili, wakiongeza chumvi na matusi ya hapa na pale.

Kama unataka kuona biashara ya mashabiki inavyoweza kuota mizizi Afrika Mashariki, panda basi mpaka Kampala, mtaa wa Wakaliga. Isaac Nabwana si mtu wa kamba wala joho, yeye ni wa bunduki na kung fu. Ila mfumo ni ule ule: watu wachache, vifaa vya kuunda kwa vyuma chakavu, na mashabiki walio mbali wanaopenda kitu ambacho Hollywood haiwapi. Filamu yake Who Killed Captain Alex ya 2010 inasemekana haikufikisha dola 200. Machi 2015 aliomba mashabiki wamchangie dola 160 tu kwa filamu nyingine. Wakamwaga zaidi ya dola 13,000. Mwaka uliofuata akatoa Bad Black, na steringi wake ni mwanamke.

Linganisha na wakubwa. Agosti 2022 Warner Bros. Discovery waliitupa kapuni Batgirl, filamu iliyokwisha kupigwa na kula mamilioni ya dola, na mpaka waliotoa jasho wakabaki midomo wazi. Mdogo hana ubavu wa kutupa muvi. Akimuudhi shabiki mmoja, kodi ya nyumba imekwenda.

Kinachomtisha huyo mdogo ni vitu viwili. Cha kwanza ni kadi za benki. Aprili 2021 Mastercard ilitangaza kwamba kuanzia Oktoba mwaka huo wauzaji wa picha za kikubwa lazima wawe na uthibitisho wa umri, kitambulisho na ridhaa ya kila anayeonekana. Agosti mwaka huo OnlyFans ikatangaza kufuta picha za ngono, ikalaumu mabenki, kisha ikageuka ndani ya wiki moja. Wenye vikamera vya chumbani walilia. Mimi siwalilii sana. Kumwuliza dada aliyefungwa kamba kama amekubali, na kuweka sahihi yake kwenye faili, si mzigo wa kumvunja mtu mgongo.

Cha pili ndicho balaa. Desemba 2024 OpenAI ilifungulia wateja programu ya Sora: unaandika maneno, inakutolea video. Zimejaa za namna hiyo sasa. Zile kubwa zinajitahidi kukataa uchafu, lakini vichochoro havikosekani. Shabiki wa oda hahitaji tena fundi. Anaandika kisa chake saa sita usiku, na kabla kahawa haijapoa mrembo keshazimia mara mbili, hajaomba nauli wala chakula cha mchana. Waigizaji wa Hollywood walipogoma siku 118 mwaka 2023, mashine hizi zilikuwa moja ya sababu, na wao walikuwa na chama. Dada wa muvi za chumbani mara nyingi yuko peke yake.

Na sura inatoka wapi? Hapo ndipo Dimani inapoingia. Dada aliyeweka picha yake ya harusini kwenye simu, ya Dimani, ya Mbagala au ya Kibiti mjini, ametoa malighafi tosha. Januari 2024 picha bandia za ngono za Taylor Swift zilisambaa mpaka mtandao wa X ukazuia watu kutafuta jina lake. Yeye alikuwa na mawakili na mamilioni ya mashabiki wa kumtetea. Mei 2025 Marekani ikasaini sheria ya kulazimisha mitandao iondoe picha kama hizo ndani ya saa 48 mhusika akilalamika. Binti wa Dimani akikuta sura yake ndani ya joho na kamba ambazo hajawahi kuzigusa, wa kwanza kumhukumu atakuwa shangazi yake, na huyo hasubiri saa 48.

Mashabiki wenyewe wamegawanyika. Wapo wanaoshangilia kwamba sasa kila ndoto inapigwa picha bure. Wapo wanaosema mashine haijui kuogopa: yule dada halisi alikuwa anacheka kamera ikizimwa, anaagiza soda, kisha anarudi kuzimia upya, na hicho ndicho walichokuwa wakilipia. Mtu unaweza usipende starehe yao, lakini hawa wa pili angalau wanajua kwamba ndani ya joho kulikuwa na mtu.

Mimi naombea siku moja mkanda mmoja wa aina hiyo, ule usiovuliwa hata glavu, umwangukie mkalimani wa Kiswahili. Atambatiza mrembo jina la Kirufiji, adui atampa jina la mwenye nyumba wake, na mkanda ukikatika mrembo bado kafungwa, banda zima litadai kiingilio chake.